William Bedell na Lugha ya Waayalandi

Katika upande wa mashariki wa Uingereza, katika jimbo la Essex, kuna kijiji kiitwacho Black Notley. Hapo ndipo alipozaliwa William Bedell mwaka wa 1571. Baba yake alikuwa mkulima mwenye shamba lake mwenyewe, si tajiri wala si maskini, naye alimpeleka mwanawe shuleni katika mji wa Braintree ulio karibu. Mwalimu wa shule ile alikuwa mtu hodari katika elimu, lakini alikuwa mkali kupita kiasi, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga. Siku moja alimpiga kijana William penye ngazi, naye akaanguka mpaka chini, akajigonga kichwa, na damu ikamtoka sikioni. Tangu siku hiyo sikio lile halikusikia tena mpaka kufa kwake. Habari hii yafaa kukumbukwa, kwa maana mtoto huyu wa sikio moja ndiye aliyekuja kujifunza, hali amekwisha kuingia uzeeni, lugha ambayo sauti zake huwashinda hata Waingereza wenye masikio mawili mazima.

Lakini kwanza alijifunza lugha nyingine. Alipokuwa bado mdogo aliingia chuo cha Emmanuel huko Cambridge, chuo kipya kilichofunguliwa mwaka wa 1584, akasoma Kilatini, Kiyunani na Kiebrania. Baadaye akawa kasisi katika mji wa Bury St Edmunds. Mwaka wa 1607 aliitwa aende Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, awe kasisi wa Henry Wotton, balozi wa mfalme wa Uingereza. Alikaa huko miaka mitatu hivi. Hakufanya kama wageni wengi wafanyavyo, yaani kukaa na watu wa kwao na kungoja siku ya kurudi. Alijifunza Kiitalia hata akaweza kutafsiri kwa lugha hiyo kitabu cha sala cha Kanisa la Kiingereza. Tena alimtafuta mwalimu wa Kiyahudi aliyeitwa Leo, ili amfundishe jinsi Wayahudi wenyewe wanavyotamka Kiebrania. Alikuwa amekwisha kusoma Kiebrania kwa miaka mingi vitabuni. Walakini aliona kwamba kuisoma lugha ni jambo moja, na kuisikia ikitoka katika kinywa cha wenyewe ni jambo jingine. Aliporudi kwao alichukua pamoja naye Biblia ya Kiebrania iliyoandikwa kwa mkono, akaitunza kuliko mali yake yote.

Miaka mingi ikapita, naye akawa kasisi wa shamba, mtu asiyejulikana sana. Hata mwaka wa 1627, alipokuwa na umri wa miaka 56 hivi, akaitwa aende Ayalandi kuwa mkuu wa chuo cha Trinity katika mji wa Dublin.

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Wenyeji wake walikuwa na lugha yao ya kale, yenye mashairi, hadithi na vitabu vya sheria, wala haikufanana na Kiingereza. Mabwana wa vita kutoka upande wa Uingereza waliingia huko tangu mwaka wa 1169, na watoto wao wakazoea kusema Kiayalandi kama wenyeji. Jambo hilo likawachukiza watawala. Mwaka wa 1366, katika mji wa Kilkenny, iliwekwa sheria ya kuwakataza watu wa asili ya Kiingereza wasiseme Kiayalandi. Mwaka wa 1537 ikawekwa sheria nyingine, ya kuwaagiza watu wote washike lugha ya Kiingereza na mavazi ya Kiingereza. Watu wakaendelea kusema lugha yao vilevile. Tena tangu mwaka wa 1609 serikali ilichukua nchi nyingi ya upande wa kaskazini, ikawagawia walowezi kutoka Uingereza na Scotland. Na mwenye kunyang'anywa shamba la babu zake hawezi kuipenda lugha ya mnyang'anyi wake.

Kulikuwa na tofauti ya dini pia. Wenyeji wengi walikuwa wa Kanisa la Roma, na watawala walikuwa wa Kanisa la Kiingereza. Makasisi wa Kiingereza walipelekwa kwa watu wasioelewa hata neno moja la mahubiri yao, wakapokea mishahara yao, wakahubiri mbele ya viti vitupu. Vitabu vya Kiayalandi vilivyopigwa chapa vilikuwa vichache mno. Cha kwanza kupigwa chapa huko Dublin kilitoka mwaka wa 1571, mwaka uleule aliozaliwa Bedell. Agano Jipya lilitoka mwaka wa 1602. Agano la Kale halikuwapo kabisa.

Bedell alipofika chuoni aliwakuta vijana wa Kiayalandi waliopewa fedha wasome, ili baadaye wawe makasisi kati ya watu wao. Lakini walikuwa wakiachwa waisahau lugha ambayo kwa ajili yake waliitwa. Akaagiza kwamba pawe na somo la Kiayalandi chuoni, na sala kwa Kiayalandi. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wengi. Yeye mwenyewe, mkuu wa chuo, mwenye mvi, alianza kujifunza lugha hiyo tangu herufi za kwanza. Mwalimu wake alikuwa Muircheartach Ó Cionga, ambaye Waingereza walimwita Murtagh King. Mtu huyu alikuwa wa ukoo wa washairi, naye alijua kuandika lugha ya kwao kwa ufasaha, mashairi na maneno ya kawaida.

Sasa yafaa kueleza kidogo ugumu aliokutana nao, kwa maana asiyeijua lugha hiyo aweza kudhani ni ugumu wa uzee tu. Shida ya kwanza ilikuwa mwanzo wa maneno. Mwingereza amezoea kwamba neno lina kichwa kisichobadilika. Likibadilika, hubadilika mkiani. Katika Kiayalandi sivyo. Ng'ombe huitwa "bó". Lakini ng'ombe wangu ni "mo bhó", na bh ile hutamkwa karibu na v. Ng'ombe wetu ni "ár mbó", na hapo b haisikiki kabisa, hutamkwa m. Basi Mwingereza asikiaye neno lenye v au m mwanzoni hulitafuta mahali pake katika orodha ya maneno asilione, maana neno lenyewe limekaa penye b. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana. Sisi nasi tuna ulimi mmoja na ndimi mbili, mti mrefu na nyumba ndefu; na mgeni atafutaye "ndefu" katika kamusi hana budi kuambiwa kwanza kwamba atazame "refu". Lakini mambo yaliyo mepesi kwetu kwa kuwa tuliyanyonya pamoja na maziwa, kwa Mwingereza ni mlima.

Tena kuna jambo gumu kuliko hilo. Neno dogo "a" laweza kuwa na maana ya wake kwa mwanamume, au wake kwa mwanamke, au wao. Neno lenyewe halibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni sauti ya kwanza ya neno linalofuata. "A bhó" ni ng'ombe wa yule bwana; "a bó" ni ng'ombe wa yule bibi; "a mbó" ni ng'ombe wao. Basi kama kuna shauri la ng'ombe, na shahidi anatoa habari zake, haki yote imelala katika sauti moja: je, ni v, au b, au m? Mtu wa sikio moja, aliyezaliwa katika lugha nyingine, akiwa na umri karibu na miaka sitini, aliketi mbele ya mwalimu wake akisikiliza sauti hiyo ipite.

Shida ya pili ilikuwa konsonanti zenyewe. Karibu kila konsonanti ya Kiayalandi ina namna mbili, ambazo wenyewe huziita pana na nyembamba. Ile nyembamba hutamkwa ulimi ukiwa umeinuliwa kwenye kaakaa. Kwa Kiswahili twaweza kufananisha n na ny, maana mtu aulizaye nani hasemi nyani. Lakini Kiayalandi hufanya hivyo kwa b, kwa t, kwa l, kwa r na nyinginezo. "Bó" ni ng'ombe, na "beo" ni hai. Tofauti yake ni katika b tu. "Cat" ni paka mmoja, na "cait" ni paka wengi. Herufi i iliyoongezwa haisomwi peke yake, bali huonyesha kwamba t ya mwisho ni nyembamba. Sauti kama hiyo ni ndogo kama kudondoka kwa sindano, nayo hubeba tofauti ya umoja na wingi.

Ndiyo sababu maandiko ya lugha hiyo humtisha mgeni. Herufi zake ni 18 tu. Hazimo k, wala v, wala w, wala z. Kwa kuwa herufi ni chache na sauti ni nyingi, herufi hushirikiana: nyingine huandikwa ili kusaidia jirani yake tu, kama mtoto anayeshika taa ili baba yake afanye kazi. Katika siku za Bedell waliandika kwa herufi za umbo lao wenyewe, na penye sauti iliyolegea waliweka nukta juu ya konsonanti. Nukta moja ikisahauliwa, b husomwa b badala ya v, na ng'ombe wa bwana amekuwa ng'ombe wa bibi.

Mambo mengine yalikuwa mageni kwa Mwingereza, ingawa Mswahili angeyapokea kama jamaa. Kiayalandi hakina neno moja la "ndiyo" wala la "siyo". Mtu akiulizwa kama ameona, hujibu kwamba ameona, au kwamba hakuona. Hakina neno la kumiliki kama walilo nalo Waingereza; mwenye kitabu husema kwamba kitabu kipo kwake, na mwenye njaa husema kwamba njaa ipo juu yake. Tena maneno "kwangu, kwako, kwake" na "nami, nawe, naye", ambayo Mwingereza huyasema kwa maneno mawili mawili, Kiayalandi huyafunga kila moja kuwa neno moja: "agam" ni kwangu, "agat" ni kwako, "liom" ni nami, "leat" ni nawe. Na kitendo hutangulia mbele ya mtendaji. Mwingereza hutaka kujua kwanza ni nani, ndipo asikie alilofanya. Mwayalandi huanza na tendo.

Je, Bedell alifaulu? Waliomwandikia habari za maisha yake hawakuficha neno. Alipata kuisoma lugha hiyo na kuielewa vizuri sana, hata akatunga kitabu cha sarufi yake. Lakini kuisema kwa ufasaha hakuweza. Umri ulikuwa umekwisha kupita. Macho yake yaliweza kufuata nukta na herufi, na akili yake, iliyozoea Kiebrania na Kiyunani, ilishika kanuni upesi. Ulimi na sikio havikufuata. Wako watu ambao wangeona aibu na kuacha, au wangejidai kusema wasiyoyaweza. Yeye alifanya kazi kwa kile alichopata.

Mwaka wa 1629 aliwekwa kuwa askofu wa Kilmore na Ardagh, na mwaka wa 1633 aliiacha Ardagh, kwa kuwa hakupenda mtu mmoja ashike nafasi mbili. Kilmore iko katika jimbo la Cavan, nchi ya vilima vidogo na maziwa mengi. Alikuta makanisa yamebomoka na mengine hayana paa, na makasisi wa Kiingereza wengi hawaijui lugha ya watu wao. Aliwapa nafasi wale waliojua Kiayalandi, au waliokubali kukaa na watu na kujifunza. Mwaka wa 1631 alitoa kitabu kidogo cha mafundisho, kilichopigwa chapa huko Dublin kwa lugha mbili, Kiayalandi na Kiingereza, ili msomaji aone maneno ya lugha hizo pamoja. Katika kanisa lake kuu aliagiza sala zisomwe kwa Kiayalandi, na yeye mwenyewe alihudhuria daima, askofu akiketi kati ya watu wachache akisikiliza lugha asiyoweza kuisema sawasawa.

Kisha akaanza kazi kubwa ya Agano la Kale. King aliitafsiri kutoka Kiingereza, kwa kuwa hakujua Kiebrania, na mtu mwingine, James Nangle, alimsaidia. Bedell aliyatazama maandiko yao, akayalinganisha na Kiingereza, kisha na Kiebrania, na Kiyunani, na tafsiri ya Kiitalia ya Diodati aliyoipenda sana. Penye tafsiri ya Kiingereza kukosea, alirekebisha Kiayalandi kifuate Kiebrania. Hata chakula kilipokwisha watu hawakuondoka mezani upesi. Sura ilisomwa, na vitabu vya lugha mbalimbali vikafunuliwa mbele yao. King alikuwa na sikio la Kiayalandi, na Bedell alikuwa na macho ya Kiebrania. Hapana hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuifanya kazi hiyo peke yake, na askofu alijua hivyo vizuri kuliko mtu ye yote.

Wakubwa wengi hawakupendezwa. Walisema kwamba lugha ya washindi ndiyo itakiwayo, na kwamba kuwapa Waayalandi vitabu vya lugha yao ni kuvunja sheria za zamani na kuwazuia wasiwe Waingereza. Katika mkutano wa makasisi uliofanyika Dublin mwaka wa 1634 Bedell alishindana nao, na mwishowe ikaandikwa katika kanuni kwamba mahali ambapo watu ni Waayalandi sala ziweze kusomwa kwa lugha yao. Kanuni iliandikwa, waliofuata walikuwa wachache.

Chuki ile, iliposhindwa kumfikia askofu, ilimwangukia mwalimu wake. Bedell alikuwa amempa King daraja ya ukasisi na kanisa la Templeport apate riziki. Sasa King alikuwa mzee sana. Wakaja watu waliosema kwamba mzee huyu ni mjinga, hafai kuwa kasisi wala kutafsiri Maandiko, na kijana mmoja mwenye kutaka mapato ya kanisa lile akafaulu kumwondoa. Mzee alikamatwa, akatendwa vibaya, akafungwa gerezani huko Dublin. Mwaka wa 1638 Bedell aliandika barua kwa mtawala mkuu wa Ayalandi, akamtetea mwalimu wake na kuitetea tafsiri yenyewe, akitaka ipimwe na watu wenye kuijua lugha, wasisikizwe wale wasiojua hata kuisoma. Hakusikiwa. King hakurudishiwa kanisa lake. Mwaka huohuo Leah, mke wa Bedell, alifariki, akazikwa Kilmore.

Hata hivyo kazi iliendelea, na kufikia mwaka wa 1640 Agano la Kale lote lilikuwa limekwisha kuandikwa. Bedell alikusudia kulipiga chapa nyumbani kwake kwa gharama yake mwenyewe. Wakati ule vita vikaanza.

Tarehe 23 Oktoba 1641 Waayalandi wa kaskazini waliinuka kupigana, kwa ajili ya nchi yao iliyochukuliwa na dini yao iliyogandamizwa. Walowezi wengi walifukuzwa katika nyumba zao wakati wa baridi, wengine waliuawa, na wengi walikufa kwa njaa na theluji njiani. Katika Cavan vita viliongozwa na ukoo wa O'Reilly. Nyumba za Waingereza zilichukuliwa pande zote, lakini nyumba ya askofu haikuguswa. Majirani waliokimbia, wengine karibu uchi, walijaa chumbani mwake, ghalani na hata kanisani. Majuma yalipita hivyo. Kisha wakuu wa vita wakamtaka awafukuze wakimbizi wale. Bedell alikataa. Tarehe 18 Desemba walimchukua pamoja na wanawe wawili na mkwewe, wakawapeleka kwa mashua mpaka ngome ya Cloughoughter.

Ngome ile ni mnara wa mviringo juu ya kisiwa kidogo katikati ya ziwa, na maji yamefika karibu na ukuta wake pande zote. Wenzake walitiwa pingu, yeye hakutiwa. Ilikuwa baridi kali, na mnara ulikuwa mbovu. Askofu alikuwa na miaka sabini. Walikaa humo majuma matatu hivi, na mapema katika Januari 1642 wakatolewa kwa kubadilishana wafungwa.

Nyumba yake ilikuwa imekwisha kushikwa na wengine, na vitabu vyake vimetawanyika. Akapokewa na Denis Sheridan, Mwayalandi aliyezaliwa katika lugha ile, ambaye Bedell mwenyewe alimweka kuwa kasisi. Sheridan aliheshimiwa na wapiganaji kwa kuwa alikuwa mtu wao, na nyumba yake nayo ilijaa wakimbizi. Ugonjwa wa homa ukaingia kati yao. Askofu aliwatembelea wagonjwa, naye akaugua. Alifariki tarehe 7 Februari 1642.

Alikuwa ametaka azikwe karibu na mkewe katika uwanja wa kanisa la Kilmore. Uwanja ule sasa ulikuwa mikononi mwa askofu wa Kanisa la Roma, na kwanza palikuwa na shaka kama mtu wa dini nyingine aruhusiwe kulala hapo. Lakini wakuu wa O'Reilly waliomba, ruhusa ikatolewa. Siku ya maziko wapiganaji wenyewe walikuja na silaha zao na ngoma zao, wakausindikiza mwili wa Mwingereza yule mpaka kaburini, wakapiga bunduki hewani kwa heshima, kama wafanyavyo kwa mkuu wao. Kwa lugha ya Kilatini walimwombea apumzike kwa amani, wakimtaja kuwa Mwingereza wa mwisho. Maana walikuwa wakisema tangu mwanzo kwamba hata Waingereza wote wakitolewa Ayalandi, huyu atakuwa wa mwisho kuondoka.

Kati ya vitabu vilivyotawanyika, Sheridan aliokoa viwili vilivyopendwa sana na marehemu. Kimoja ni ile Biblia ya Kiebrania ya Venice, ambayo hatimaye ilifika katika maktaba ya chuo cha Emmanuel, Cambridge. Cha pili ni karatasi za Agano la Kale kwa Kiayalandi. Karatasi hizo zilikaa zaidi ya miaka thelathini bila kupigwa chapa. Mwishowe zilifika mikononi mwa Narcissus Marsh, mkuu wa chuo cha Trinity, mahali palepale Bedell alipoanzia masomo yake. Zilikuwa zimechanganyika na nyingine zimeharibika, ikawa lazima watu wenye kuijua lugha wazipange na kuzinakili upya, neno kwa neno na nukta kwa nukta. Gharama ilibebwa zaidi na Robert Boyle, mtaalamu mkuu wa sayansi, aliyeamuru herufi mpya za Kiayalandi zichongwe na kusubiwa. Kitabu kilitoka London mwaka wa 1685, na mwaka wa 1690 kikatolewa tena kwa herufi za Kirumi, kwa ajili ya watu wa milima ya Scotland ambao lugha yao ni ndugu ya Kiayalandi.

Sehemu ya karatasi zile za kale zimehifadhiwa katika maktaba iliyojengwa na Marsh huko Dublin. Huko Kilmore likajengwa kanisa jipya la kumkumbuka Bedell mwaka wa 1860, na kaburi lake liko karibu, katika uwanja wa kanisa la zamani. Na katika shule za Ayalandi, ambako Kiayalandi kilifanywa kuwa somo la lazima tangu mwaka wa 1922, watoto waliozaliwa katika Kiingereza hufundishwa tena na tena ni nani mwenye "a bó", na nani mwenye "a bhó".